Skrubu sugu za mlango: nilivyobadilisha hendo za Datsun yangu ya zamani

Jamani kubadilisha hendo zenyewe, yaani vishikio vya nje vya kufungulia mlango, ni kazi ndogo tu, shughuli iko kwenye kuzitoa za zamani. Hendo ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu, nati na skrubu ni chuma, maji yakipenya hapo katikati miaka nenda rudi vinashikana kama ndugu. Na kwangu nati ya nyuma ilikuwa haifikiki mpaka nitoe kitasa, nacho kimeshikwa na skrubu tatu za pembeni mwa mlango, ndo hizo zilizonitoa jasho.

Kabla ya nguvu angalia kichwa cha skrubu. Magari ya Kijapani ya zamani mengi yana skrubu za JIS, yaani za kiwango cha Kijapani, ukiona kidoa kidogo kichwani ndo hizo, zinafanana sana na za Phillips, zile za kawaida zenye msalaba kichwani, ila bisibisi ya Phillips haizami mpaka chini, ukikaza inaruka na kichwa kinalika. Nikatafuta bisibisi yake kabisa. Nikapulizia oili ya kulainisha kutu nikaacha usiku kucha, asubuhi nikapaka ncha pesti ya kusagia valvu, ile yenye chengachenga, ili iume vizuri, halafu nikachukua bisibisi ya kugonga, ile unaipiga nyundo kwa nyuma nayo inazunguka kidogo hapohapo inapokandamiza. Mbili zikaachia. Mimi hiyo kitu naiamini kuliko misuli ya mtu yeyote.

Ya tatu ikagoma. Moto wa gesi sikutaka hata kuusogeza maana rangi na mpira viko palepale, nikatumia pasi ya solda ya mafundi redio, ile yenye ncha ya moto, nikaikandamiza kichwani dakika kadhaa joto lizame kwenye skrubu yenyewe, nikakaza kidogo kwanza kama naifunga, ikalia "ta!", nikageuza upande wa kufungua ikatoka.

Nati za ndani nilitumia boksi spana ya pembe sita na ekstensheni, ile ya pembe kumi na mbili inateleza kwenye nati iliyoliwa na kutu. Kioo kipandishe juu, na chini ya mlango jaza matambara, nati ikidondoka mle utaisikia tu inagongagonga huioni.

Wakati wa kurudisha paka grisi kwenye nyuzi zote, alafu mlango ukiwa bado wazi, sukuma ulimi wa kitasa na bisibisi ujifunge, ndo uvute hendo mpya uone kama unaachia. Ukifunga mlango wakati ile fimbo ya ndani inayounganisha hendo na kitasa haijakaa sawa, kuufungua tena ni kesi nyingine kabisa.