Dripu ya glukosi si chakula: lishe ya mshipani kwa mgonjwa wa saratani

Mgonjwa wa saratani akishindwa kula siku tatu nne, ndugu huomba jambo moja: atundikiwe dripu apate nguvu. Tupige hesabu. Lita moja ya deksitrosi (ndiyo hiyo glukosi) ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, yaani kilokalori 170 hivi. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji kilokalori 1,250 hadi 1,500 kwa siku, na protini gramu 50 hadi 75. Akimaliza lita tatu nzima amepata 510 tu, protini hakuna, na miguu huenda ikaanza kuvimba kwa maji. Dripu ya chumvi ndiyo haina kalori kabisa. Dripu hizi hurudisha maji mwilini, basi.

Lishe kamili ya mshipani ni kitu kingine. Kwa mgonjwa huyo huyo, mfuko wa siku moja unaweza kuwa na amino asidi (viungo vinavyojenga protini) gramu 60, deksitrosi gramu 200 na mafuta ya asilimia 20 mililita 200: jumla kilokalori 1,320. Huongezwa vitamini, madini na chumvichumvi kulingana na vipimo vya damu. Mchanganyiko huu ni mkali, huunguza mishipa midogo ya mkono, ndiyo maana hupitia katheta, yaani mrija mwembamba ambao ncha yake imefika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Mkononi hupita ile iliyopunguzwa makali tu, tena kwa siku chache.

Lakini kwanza uliza: utumbo unafanya kazi? Saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki tunaijua mno, huziba njia ya kumeza huku tumbo na utumbo chini yake mara nyingi vikiwa vizima. Huyo anahitaji mrija wa kulishia, wa puani au wa tumboni. Lishe ya mshipani ni ya yule ambaye utumbo umeziba, unavuja, umekatwa ukabaki mfupi, au umechubuka vibaya kwa dawa na mionzi, na hatarajiwi kula kwa zaidi ya wiki moja. Anayeweza kumeza uji wa lishe akitundikiwa mfuko huongezewa hatari bila faida.

Hatari inayotisha zaidi huja siku za mwanzo. Mwili uliozoea njaa ukipewa sukari nyingi ghafla, insulini, homoni inayoshusha sukari, hupanda na kuyasukuma madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yaingie ndani ya seli. Kwenye damu yanashuka, moyo unapiga ovyo, misuli ya kupumua inachoka. Kwa aliyekonda sana, anza na vitamini B1 miligramu 200 hadi 300 kwa siku kabla ya mfuko wa kwanza, kisha kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, au 5 akiwa hoi kabisa, ukipandisha taratibu kwa siku 4 hadi 7. Madini yapimwe kila siku. Familia isilalamike kwamba anapewa kidogo. Kidogo hicho ndicho kinachomlinda.

Ya pili ni maambukizi ya katheta, na kwa mgonjwa ambaye kemotherapi imeshusha chembe nyeupe za damu yanaweza kuua upesi. Nawa mikono, sugua kiunganishi cha katheta kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti sekunde 15, acha kikauke. Mfuko usikae umetundikwa zaidi ya saa 24, na mpira wa kupitishia ubadilishwe pamoja nao. Njia ya chakula isichomwe dawa nyingine: seftriaksoni, ambayo ni antibiotiki, ikikutana na kalsiamu iliyomo mfukoni hufanya chembechembe ngumu. Ukiona mafuta ya njano yameelea juu ya mfuko, usiutumie. Homa au kutetemeka mara tu mfuko unapoanza kutiririka ni dharura: funga, mwite daktari, damu ichukuliwe kwa ajili ya kuoteshwa maabara ili kutafuta bakteria.

Sukari ya damu ibaki chini ya 10 mmol/L. Anayepewa dawa ya deksamethasoni kuzuia kutapika sukari yake itapanda haraka, apimwe mara nyingi zaidi. Na mfuko usikatizwe ghafla, kwani insulini iliyokwisha kupanda huiangusha sukari. Punguza kasi kwa saa moja au mbili za mwisho. Mfuko ukiisha usiku na mwingine haujafika, tundika deksitrosi ya asilimia 10 kwa kasi ileile hadi ufike.