Jeni, si jini

Leo asubuhi nimeskia harufu ya udi. Najua mtu wa Mombasa kuandika hivo ni kama kuandika nimeona bahari, lakini mi tangu ile corona ya 2021 pua ilikufa kabisa, siku moja mahamri yaliungua jikoni na mimi nimekalia mbuzi hapohapo nakuna nazi, mpaka mamangu akatoka chumbani mbio, "We mwana, huskii harufu?" Siskii, mama. Akadhani namfanyia mzaha.

Baadaye ikarudi kombo. Kahawa ikanuka kama mpira unachomwa, na asmini, Mola anisamehe, kitunguu kilichooza. Hapo ndo nkaanza kusomasoma. Kumbe virusi vinaingia zaidi kwenye seli jirani zinazozitunza neva za kunusa, manake ndizo zenye ACE2, protini ambayo virusi hivo huifanya mlango wa kuingilia, na jirani akianguka neva nazo zinayumba.

Kilichonishika zaidi ni jeni moja inaitwa p63 (nilipomwelezea mama alisikia jini, akauliza chetezo kiko wapi). Chini kabisa ya ile ngozi laini, huko juu ndani ya pua, kuna seli za akiba zimelala na p63 ndo inazilaza. Neva ya kunusa haiishi sana, kila siku zinazaliwa mpya, lakini hiyo kazi inafanywa na seli zingine, hizi za akiba haziguswi mpaka kuharibike vibaya. Hapo p63 inashuka, zinaamka, zinajenga upya neva na wale majirani. Panya waliokomaa waliotolewa p63 bila jeraha lolote, seli zao za akiba zikaamka zenyewe, ila zikageuka neva bila kujirudishia akiba, yaani mtu anakula mpaka mbegu. Kwa hivo lazima zingine zirudi kulala. Na mi miezi yote hiyo naomba kitu kiwashwe, kumbe kuna kitu kilitakiwa kuzimwa.

Halafu kila neva mpya inachagua jeni moja tu ya kunusia kati ya kama 400 tulizonazo, na inatuma uzi wake hadi kwenye ubongo. Wengi wanadhani nyuzi zikishukia pasipo pao ndo unapata kahawa ya mpira.

Jioni mama kanisogezea kikuba puani. Kitunguu tu. Ila kwa nyuma, mbali sana, kulikuwa na kitu chengine. Nkamwambia kiache hapo kwenye mto.