Mvua ya vuli na kadi mia mbili

Jumamosi, Kirumba, Mwanza. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa inadondoka. Siku kama ya leo kisu hakigusi karatasi. Manila, ile karatasi nzito ya kadi, iliyolala wazi usiku mmoja wa mvua hapa kando ya ziwa huwa imeshakunywa unyevu wa kutosha kuinua ncha zake, na ukiikata ikiwa hivyo, jua likitoka kesho inasinyaa na vipimo vinahama. Kazi iliyopo mezani ni kadi mia mbili za mwaliko wa harusi, za kukunja, na karatasi zake bado zimefungwa kwenye nailoni yake. Zitafunguliwa mvua ikikata, zilale usiku mmoja kwenye chumba kilekile cha kazi zizoee hewa yake, ndipo zikatwe.

Wateja wengi huja na picha kwenye simu na kuanzia kwenye mapambo: riboni ya rangi gani, lulu ngapi, ua likae wapi. Hayo ni ya mwisho. Kadi huanzia kwenye mkunjo. Mzee akipokea kadi anaishika mgongoni, anaifungua, anaifunga, anaiweka juu ya kabati ikae hapo mpaka siku ya shughuli. Mgongo ukiwa umepasuka na kuonyesha weupe wa ndani, hakuna lulu itakayouficha.

Karatasi ni nyuzi, na mashine inayoitengeneza huzilaza nyingi upande mmoja, kama ukindu uliopangwa kabla ya kusukwa. Ukikunja kwa kuzifuata, mkunjo unalala vizuri. Ukikunja kwa kuzikata, nyuzi zinavunjika moja moja na mgongo unachanika. Jambo hili halionekani kwa macho, lakini lina kipimo rahisi. Kata kipande cha mraba, sentimita 10 kwa 10, kiwekee alama ya upande uliokuwa mrefu kwenye karatasi nzima, kisha lowesha uso mmoja kwa kidole. Ndani ya sekunde chache kinajiviringisha kama mkeka, na bomba linalojitokeza limelala sambamba na nyuzi. Kazi kwisha. Tunapima kila pakiti mpya, hata kama rangi na lebo ni zilezile za mwezi jana, kwa sababu manila za madukani hazifanani.

A4 ina milimita 210 kwa 297, na mara nyingi nyuzi zake hufuata ule upande wa 297. Ukiikata katikati unapata A5 mbili za 210 kwa 148, na kila moja ukiikunja katikati ya ule upande wa 210 unapata kadi ya 105 kwa 148 ambayo mkunjo wake umefuata nyuzi. Hiyo ndiyo kadi inayokaa. Lakini mteja akitaka kadi kubwa, A4 nzima ikunjwe mara moja, mkunjo unakatiza nyuzi, na hapo ndipo watu wanapolaumu karatasi kwamba ni mbovu. Karatasi haina kosa. Kwa kadi kubwa tafuta A3, iliyo mara mbili ya A4, ipime, uikate kwa kufuata nyuzi zake, au umwambie mteja ukweli kwamba ndogo itadumu zaidi. Sisi hupendekeza ndogo, nayo huingia vizuri kwenye bahasha ya C6 ya milimita 114 kwa 162, ambayo haisumbui kupatikana.

Kwa kadi mia mbili za namna hiyo, A4 mia moja zinatosha kwa hesabu. Nunua mia na kumi. Zile kumi si za anasa: mbili za kupima, kadhaa zitakatwa vibaya wembe ukichoka, na kamati lazima ikumbuke majina mengine siku ya mwisho. Uzito mzuri ni gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Chini ya 200 kadi inalegea ikishikwa na jasho la mkono.

Karatasi ya uzito huo haikunjwi kwa kubonyeza tu na kucha. Inachorwa mfereji kwanza. Kifaa tunachokiamini ni kalamu ya Bic iliyokwisha wino kabisa, kwa sababu kichwa chake ni cha duara na hakichani. Weka rula ya chuma, chora mara mbili kwa mkandamizo wa wastani juu ya gazeti lililokunjwa, na utaona mfereji upande mmoja na katuta kembamba upande wa pili. Hapa wengi hukosea. Mfereji unatakiwa ubaki nje ya kadi na katuta kaingie ndani. Mkono unataka kufanya kinyume, ukunje kuelekea kwenye mfereji kwa kuwa inaonekana ndiyo njia yake. Ukifanya hivyo uso wa nje unavutwa kuzunguka lile tuta na rangi inakatika. Tuta likiwa ndani, linafanya kazi ya bawaba na uso wa nje hauvutwi sana.

Maandishi hatuyachapi kwenye manila yenyewe. Printa nyingi ndogo hukwama na karatasi nzito, na printa ya tona ina tatizo lake: tona ni unga ulioyeyushwa juu ya karatasi, haukuingia ndani, hivyo ukipitisha rangi nzito kwenye mkunjo itamenyeka. Tunachapa kwenye karatasi ya ndani ya gramu 100, iliyokatwa milimita 200 kwa 138 na kukunjwa iwe 100 kwa 138. Ikikaa ndani ya kadi inaacha ukingo wa milimita tano juu, chini na pembeni, na jicho linatulia. Printa ya wino wa maji inatoa rangi tamu zaidi, ila nakala ya kwanza ipitishe kidole chenye unyevunyevu. Ikichafuka, ujue na jasho la mgeni litaichafua, na ni heri uhamie kwenye tona mapema.

Gundi nyeupe ya mbao ni nzuri, lakini ina maji ndani yake, na maji ndiyo adui tuliyeanza naye. Ukiipaka uso mzima, karatasi ya ndani inavimba kabla haijakauka na inabaki na mawimbi. Paka mstari mmoja tu kando ya mkunjo, upande wa nyuma, usiozidi upana wa milimita tano, kwa brashi iliyokamuliwa. Kisha kadi kumi kumi zikae chini ya ubao na jiwe juu yake kwa usiku mmoja. Mawe Mwanza hayanunuliwi. Lisugue, likauke juani, livishe kitambaa ili lisikwaruze. Na kazi ya gundi ifanyike mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Usiku taa huita wadudu wa ziwani, na kadudu kamoja kakitua kwenye gundi mbichi ya kadi ya rangi ya maziwa, kadi hiyo ndiyo basi.

Sasa mapambo, na hapa nina neno la moyoni. Tuna malighafi ambayo jiji zima linaitazama kama balaa. Magugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini na kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, huziba mialo, yale maegesho ya wavuvi, na kunasa mitumbwi mpaka leo. Mabua yake yanatoa karatasi nzuri ya kahawia isiyokolea, yenye nyuzi zinazoonekana, na ukanda mmoja wa karatasi hiyo kwenye uso wa kadi unasema harusi hii ni ya kanda ya ziwa bila kuchora samaki.

Usiingie majini kuyachuma. Ziwa lina kichocho, na ndani ya magugu hujificha nyoka. Waombe wanaosafisha mwalo wakutengee. Chukua mabua tu, achana na mizizi, maana inashika tope na kuitia karatasi weusi. Usitegemee mengi: mmea huu zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ni maji, hivyo gunia la mabua mabichi likikauka linajaa kwenye mfuko wa sokoni. Kata vipande vya sentimita mbili au tatu, chemsha saa mbili hadi tatu pamoja na magadi ya kufulia, gramu 150 hadi 200 kwa kila kilo ya mabua makavu, maji yayafunike vizuri. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya bati lililopakwa enameli. Sufuria za alumini tunazopikia majumbani zinaliwa na magadi, na rojo inatoka ya kijivu. Suuza mpaka maji yaache kuteleza vidoleni, kisha twanga kwenye kinu ambacho hakitarudi tena jikoni.

Rojo ya magugu peke yake haifai. Inasinyaa sana ikikauka, inajikunja na kuwa ngumu kama ganda. Changanya nusu kwa nusu na karatasi nyeupe za ofisini zilizokwisha kazi, zilizolowekwa usiku kucha na kutwangwa. Fremu ni mbao nne na wavu wa dirishani uliokazwa barabara. Ukilegea, katikati panakuwa pazito na pembeni panachanika. Zamisha, inua ikiwa imelala sawa, tikisa mara moja kushoto na mara moja mbele, acha ichuruzike, kisha igeuzie kwenye kipande cha khanga kuukuu kilicholoweshwa. Panga nyingi, kandamiza chini ya mawe, halafu bandika kila moja pamoja na kitambaa chake kwenye ubao laini, kivulini penye upepo. Juani zinakauka haraka lakini zinapinda, na karatasi iliyopinda hainyooki tena kwa pasi wala kwa maombi.

Ukitaka kuiandika, ipake kwanza uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita ya maji, uchemshwe mpaka uwe angavu. Bila hivyo wino unatambaa kama mafuta kwenye kitambaa. Wanga unaita mende, kwa hiyo karatasi zikikauka ziingie kwenye chombo chenye mfuniko.

Karatasi moja ya A5 inatoa kanda saba za sentimita tatu kwa urefu wa kadi. Kadi mia mbili zinahitaji karatasi 29, tutatengeneza 32. Hatufanyi kadi nzima kwa magugu. Ni laini mno kwa mkunjo na kazi yake ni ndefu kwa bei ambayo kamati inaweza kulipa.

Nje ya harusi, kwa kazi za ofisi, vibao vya majina vya mezani ni A4 ya gramu 300 iliyokunjwa sehemu tatu za milimita 99, mbili zikiwa nyuso na moja kitako. Mikunjo hiyo inakatiza nyuzi, kwa hiyo mfereji uchorwe kwa subira. Kitako kibandikwe. Kibao kisichobandikwa, pangaboi likiwashwa, kinalala kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

Maneno ya kadi yanataka uangalifu kuliko wembe. Andika "saa 12:00 jioni", siyo 12:00 pekee. Ukumbi uwe na alama ya karibu ambayo dereva wa bajaji anaijua. "Mmoja" au "Wawili" iandikwe mahali ambapo mlangoni wataona bila kufungua kadi, na kila kadi iwe na namba. Kisha nakala moja iliyochapwa, siyo picha ya simu, isomwe na mtu mzima wa kila upande wa familia. Yeye ndiye atakayesema kwamba baba wa bibi harusi alishafariki na neno "marehemu" halipo. Kosa hilo halirekebishwi kwa kalamu, na linaumiza watu siku ambayo hawakustahili kuumizwa.

Jina la mgeni liandikwe kwenye bahasha kabla kadi haijaingia, maana kalamu ikipita juu ya fundo la riboni inaruka. Fundo lenyewe liwe pembeni, upande unaofunguka, na likandamizwe. Likikaa katikati bahasha inatuna, na kadi ya juu inaiachia kadi ya chini alama. Bahasha za gundi ya kulamba zinajibandika zenyewe ndani ya boksi msimu huu, hivyo kata vipande vya karatasi ya nta na uweke kimoja chini ya kila kifuniko mara tu ununuapo.

Kati ya hizi mia mbili, arobaini zinavuka ziwa kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Hizo zitafungwa ishirini ishirini kwenye nailoni, hewa ikamuliwe kwa kiganja, kisha ziingie kwenye boksi gumu na lisimame wima. Zikilazwa chini ya mizigo ya watu kwenye kivuko, lulu za kadi moja zinatoboa mgongo wa nyingine. Mvua imepungua. Kesho asubuhi, kama mawe ya mlimani yakiwa makavu, nailoni itafunguliwa.