Ushauri nasaha wa kuandikiana ulivyonisaidia nikiwa Pasua

Nyumbani kwetu Pasua, Moshi, tunalala wasichana watatu chumba kimoja. Ukiongea na simu, hata kwa kunong'ona, wote wanasikia. Ndiyo maana nilipoanza kukosa usingizi na kulia ovyo, nimemaliza chuo na kazi haionekani, nilitafuta mshauri nasaha wa kuchati naye.

Kabla sijafungua moyo nilimhoji: amesomea wapi, nani mwingine anasoma tunayoandikiana, yanatunzwaje. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako si za kuzagaa. Asiyetaka kujibu maswali hayo, achana naye. Dada huyu alijibu yote, kisha akaniweka wazi: siri ni siri, ila akiona maisha yangu yako hatarini atamjulisha mtu ninayemwamini. Nikampa namba ya shangazi, na shangazi nikamwambia.

Kila kikao alianza hivi: "Mdogo wangu, uko wapi sasa hivi? Nani yuko karibu?" Mshauri wa mtandaoni hakuoni, kwa hiyo lazima ajue pa kumtuma mtu mambo yakiharibika. Kama wifi au kaka ameingia, naandika "baadaye" tu, naye anaelewa.

Alinipa dodoso la PHQ-9 la kupima dalili za sonona, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu. La tisa linauliza kama umewaza kwamba ni afadhali ufe, au ujidhuru. Kwa sauti ningelikwepa. Hapo niliandika, nikafuta, nikaandika tena, nikatuma. Akajibu, "Asante kwa kuniambia. Mawazo hayo huja saa ngapi zaidi?" Watu wengi huogopa kuuliza wakidhani watampandikiza mtu wazo la kujiua. Si kweli. Mimi kuulizwa kulinipa pumzi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ndogo: kuamka saa moja, kuoga, kumsaidia mama kupanga nyanya gengeni, halafu kuandika nilivyojisikia kabla na baada. Hatukusubiri hamu ije ndipo nifanye. Nilifanya kwanza, na siku nyingine hamu ilifuata. Siku nyingine haikufuata, naye hakunisema.

Usingizi ulipogoma kabisa hakunitajia dawa kwenye meseji. Alinielekeza kliniki ya afya ya akili hospitalini, na hapo ndipo nilipozidi kumwamini. Nilikwenda na shangazi. Dada alikuwa ameniandikia muhtasari, nikamwonyesha daktari kwenye simu, akausoma wote, na sikulazimika kusimulia upya tangu mwanzo.