Kabla ya kupanda msitu Kisarawe au Mkuranga, uliza miti ya kwanza ilikwenda wapi

Ukanda wa Dar es Salaam hupata mvua ya kutosha kuotesha msitu bila msaada wa mtu, na anayebisha aende kwenye misitu ya asili ya Pugu na Kazimzumbwi akaone. Kwa hiyo shamba likiwa jeupe, kuna kilichoondoa miti: mkaa, moto wa kila kiangazi, mbuzi, au mchanga uliochotwa mpaka udongo wa juu ukaisha. Kisababishi hicho bado kipo, na kinaisubiri miche yako.

Anza kwa kutembea shamba zima ukitafuta visiki. Kinachochipua kina mizizi mirefu tayari, na hakuna mche wa kitalu utakaoshindana nacho. Bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kata. Dodoma wanaita kisiki hai, na hapa Pwani inafanya kazi vilevile. Miche ipandwe kwenye mapengo.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta huchukua miche 1,111, yaani kama 450 kwa eka. Ongeza asilimia 20 ya kujazia itakayokufa. Masika huanza katikati ya Machi, hivyo mbegu nyingi ziwe kitaluni ifikapo Oktoba. Mkongo: bandua kofia nyekundu ya mbegu, kwaruza ganda jeusi upande ulio mbali na kiini, loweka usiku mmoja. Mtiki: lowesha usiku, anika juani mchana, rudia kwa wiki moja hadi mbili. Mwarobaini usiweke akiba, mbegu yake hufa upesi.

Ukinunua miche kwa wauza miche wa barabarani, acha ule mrefu. Mche wa mita moja ndani ya kiriba kidogo (mfuko wa plastiki wa kuoteshea) una mizizi iliyojizungusha chini, na mti utakuja kuanguka ukiwa mkubwa. Chukua wa sentimita 30 hadi 40, shina nene kama penseli, uliozoeshwa jua kali na maji machache kwa mwezi mzima.

Changanya aina. Mvule ukipandwa peke yake kwa wingi hushambuliwa na mdudu anayejaza vinundu kwenye majani na vichipukizi. Mkangazi una kiwavi anayetoboa ncha ya juu, ukabaki na matawi mengi badala ya gogo. Mninga nao huwatia watu hasira bure: mche hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini. Wengi huung'oa wakidhani umekufa. Kwa mchanga wa Kigamboni karibu na bahari, panda mivinje, na kila kiriba kitie udongo kidogo uliochotwa chini ya mvinje mzee. Humo mna bakteria wanaousaidia mti kupata naitrojeni.

Mashimo yachimbwe Februari, sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando ili urudi wa kwanza, karibu na mizizi. Penye mfinyanzi, kwaruza kuta za shimo zinazong'aa, la sivyo mizizi itazunguka humo kama bado imo kwenye kiriba. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili, lakini anayeamua ni udongo: uwe umelowa hadi sentimita 30. Usidanganywe na vuli. Baada ya masika mche hupata kipupwe, ila baada ya vuli unakutana na jua la Januari na Februari ukiwa bado mchanga.

Ondoa kiriba chote. Kwenye sherehe za upandaji huachwa sana, labda kwa sababu ya haraka ya picha. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na ardhi, kisha kandamiza kwa kisigino.

Mwaka wa kwanza palilia mara tatu, duara la mita moja kuzunguka kila mche. Ukipanda kunde katikati ya mistari, palizi inajilipa. Mihogo hapana: inaziba mwanga, na ukiing'oa unatingisha mizizi ya miti. Ili kuzuia moto, mpaka wote wa shamba ulimwe ubaki udongo mtupu, upana wa mita 6 hadi 10, kabla Juni haijaisha. Majani ya matandazo yakae mbali na shina.

Februari inayofuata, hesabu iliyopona na usome mauti kabla ya kujazia. Iliyokufa kwenye bonde imezama kwenye maji yaliyotuama. Iliyokatwa kimo kimoja ni mbuzi, zungumza na mwenye mbuzi kwanza. Shina lililovikwa udongo ni mchwa, na mara nyingi huanzia kwenye mche uliokwisha dhoofika kwa kiu. Iliyokauka mmojammoja, ing'oe utazame chini: huenda kiriba bado kipo.