Tiketi zangu za barabarani na uraia wa Marekani

Niwatoe hofu kwanza mnaoomba uraia huku mna makosa ya barabarani: pasipoti ya Marekani ninayo, na tiketi za polisi za kuendesha kasi nilizovuna jimbo la Texas zinajaza bahasha.

Aliyenitia homa ni kaka mmoja wa kanisani. "Usiziandike kwenye fomu ya uraia, mdogo wangu. Ukishalipa, yameisha." Mwingine akaniambia bila wakili wa maelfu ya dola nisithubutu. Fomu yenyewe hakuna aliyeisoma! N-400, ndiyo fomu ya kuomba uraia, inauliza kama umewahi kukamatwa, kuzuiliwa au kuandikiwa kosa na polisi, kwa sababu yoyote ile. Tiketi imo. Ukikana mbele ya afisa ilhali umekula kiapo, uongo huo ndio utakaokuzamisha, wala si mwendo kasi.

Nikajibu ndiyo, nikaziorodhesha. Tarehe nani anazikumbuka? Nilinunua rekodi yangu ya udereva mtandaoni, dola ishirini hivi, nikanakili. Maelekezo yanasema kama hukukamatwa, hakuna pombe wala dawa za kulevya, na adhabu ni faini isiyofika dola 500 au pointi za makosa kwenye leseni tu, vielelezo havihitajiki. Mimi nilibeba hata hivyo.

Iliyonitoa jasho ni tiketi moja ya jimbo la Oklahoma, isiyoonekana kwenye rekodi ya Texas. Mahakama ya kimji kidogo, simu inaita mpaka inakata. Siku moja akapokea mama karani: faili la miaka hiyo lilishateketezwa. Mwingine angeshukuru na kukata simu. Mimi nikasema, "Basi mama, niandikie hivyo hivyo, kwamba mmetafuta hamkuona, halafu ugonge muhuri." Akacheka sana, akaandika.

Kwenye mahojiano nilikuwa na suti ya harusi na faili nene kama la kesi ya mauaji. Afisa akauliza, "Hizi zote umelipa?" Nikamsogezea risiti na barua ya Oklahoma. Akautazama muhuri, akahamia maswali ya katiba.

Wa ulevi msijipime kwangu. Hukumu 2 za kuendesha umelewa ndani ya miaka 5 wanayoichunguza (3 ukiomba kupitia mwenzi raia), unahesabiwa huna mwenendo mwema unaotakiwa kwa uraia mpaka uthibitishe vingine. Huyo ndiye wa kumlipa wakili. Halafu Agosti 2025 USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia uraia na uhamiaji, walitoa waraka unaotaja makosa ya barabarani ya kizembe au ya mazoea katika kupima mwenendo. Mimi nilishaapishwa. Unayejaza sasa, punguza kukanyaga mafuta, maliza faini zote kabla hujatuma fomu, na risiti usitupe hata moja.