Ya kawaida au Pro? Nilianza na picha zangu mwenyewe

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye wa kuulizwa habari za simu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Nilionekana tu nikisoma maelezo ya simu ambazo sina mpango wa kuzinunua, basi ikawa hivyo. Swali linalokuja kuliko yote ni hili: nichukue ya kawaida au ile ya juu? Na mara nyingi anayeuliza ameshaamua. Anachotafuta ni mtu wa kumwambia "chukua hiyo hiyo ya juu", ili pesa ikimuuma baadaye awe na wa kugawana naye lawama.

Safari hii swali lilikuwa langu mwenyewe, na la mdogo wangu wa kiume pia, kwa kuwa simu zetu zilichoka karibu wakati mmoja. Yangu ilikuwa imefikia hatua ya kutembea na chaja mkobani. Tulikuwa tunachagua kati ya iPhone 17 na iPhone 17 Pro, zote za Septemba 2025. Anayepima Galaxy S na Galaxy Ultra za Samsung, au Pixel na Pixel Pro za Google, atayakuta karibu mambo yale yale, majina tu ndiyo yanabadilika.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufunga jedwali la ulinganisho. Jedwali lile limeandaliwa na mwenye kuuza, na kazi yake ni moja: kuweka alama ya vema upande mmoja na kistari upande wa pili. Kistari kinauma hata pale usipojua kimekunyima nini. Mdogo wangu alikuwa analalamika kwamba toleo la kawaida halina ProRes. Nikamuuliza ProRes ndiyo nini. Akacheka, akasema, "Dada, sijui, lakini Pro inayo."

Basi nikamweleza. ProRes ni namna ya kurekodi video ambayo haibanwi sana, ili mhariri apate nafasi ya kuchezea rangi baadaye. Dakika moja ya video ya 4K, ule ubora wa juu, kwa namna hiyo hula takriban GB 6. Ndiyo maana kuanzia iPhone 13 Pro hadi 15 Pro, ukinunua yenye hifadhi ya GB 128, simu ilikuzuia kurekodi ProRes ya 4K ndani yake. Ilikuruhusu 1080p tu, ubora ulio chini ya 4K, fremu 30 kwa sekunde. Yaani mtu amelipia jina la Pro, halafu amepunguza gharama kwenye hifadhi, na kile kilichoipa simu jina lake kikawa kimefungwa. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huo wa sifa inayonunuliwa ili iwepo tu.

Baada ya hapo nikafungua picha zangu. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko mwingine wowote hapa, na hauna gharama. Kwenye simu nyingi, ukifungua picha na kuipandisha kwa kidole, au ukigusa sehemu ya maelezo, utaona imepigwa kwa lenzi ipi na kwa milimita ngapi; milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta mbali zaidi. Pitia picha zako za mwaka mzima uone unatumia nini. Usiangalie unachotamani kukitumia.

Mimi ni mwalimu. Picha zangu ni kurasa za madaftari, ubao kabla haujafutwa, ratiba, risiti, na nyuso za watoto wa dada yangu zikiwa karibu mno na kamera kwa sababu wanaigombania simu. Karibu zote zimepigwa kwa lenzi kuu. Za mbali zipo, za siku ya michezo ya shule, na ni mbaya kweli: wakimbiaji wamekuwa mabaka ya rangi. Lakini siku ya michezo huja mara moja kwa mwaka, na picha nzuri nitatumiwa na wazazi waliosimama karibu na mstari.

Mdogo wangu anafundisha vijana mpira wa kikapu jioni. Tulipofungua picha zake nilinyamaza. Ukurasa baada ya ukurasa, zimevutwa kwa vidole hadi mwisho, mchezaji yuko hewani na uso wake umeyeyuka. Anazitumia kuwaonyesha vijana miguu ilikuwa wapi wakati wa kuruka, na kwenye nyingi miguu yenyewe haionekani vizuri. Kwa mtu huyu lenzi ya mbali ni kifaa cha kazi. Hapo nikaacha kumtania kuhusu ProRes.

Inafaa kuelewa tofauti ilipo. Ukivuta picha kwa vidole kwenye simu isiyo na lenzi ya mbali, simu inakata sehemu ya katikati na kuikuza. Kamera kuu za siku hizi zenye megapikseli 48 zinaweza kukata katikati ikabaki picha ya megapikseli 12, na hiyo hukupa mara 2 bila kubuni kitu. Kupita hapo, programu inaanza kukisia. Lenzi ya mbali ya 17 Pro inaanzia mara 4, sawa na milimita 100, na kwa kuwa nayo ina megapikseli 48, ukikata katikati yake unafika mara 8. Uso wa mchezaji unarudi kuwa uso. Tahadhari moja tu: ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, simu nyingi huiacha lenzi ya mbali kimya kimya na kukata picha ya lenzi kuu, kwa sababu lenzi kuu hukusanya mwanga zaidi. Kiwanja cha mdogo wangu kiko nje na kina mwanga wa kutosha, kwa hiyo hilo halikumtisha.

Kwa wanaotumia Android hesabu ni tofauti kidogo. Galaxy S ya kawaida ina lenzi ya mara 3 tangu S22 ya mwaka 2022, na Pixel 10 ya kawaida ilipewa ya mara 5 mwaka 2025. Ukiwa upande huo, kwanza hakikisha kitu unachotaka kukifuata kwenye Pro hakipo tayari kwenye ya kawaida.

Na hiyo inanileta kwenye jambo ambalo huwa nawaambia watu na hawapendi kulisikia: sifa nyingi za toleo la juu baadaye hushuka hadi toleo la kawaida. Kamera kuu ya megapikseli 48 iliingia iPhone 14 Pro mwaka 2022, mwaka uliofuata ikawa kwenye iPhone 15 ya kawaida. Kile kidonge cheusi cha juu ya kioo, Dynamic Island, njia ile ile na miaka ile ile. Kitufe cha Action, kile cha pembeni unachokipangia kazi mwenyewe, kilianza na 15 Pro mwaka 2023, kikafika iPhone 16 mwaka 2024. Kioo cha hezi 120, yaani kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, ndicho kilichochelewa kupita vyote: 13 Pro ilikuwa nacho 2021, toleo la kawaida likasubiri hadi 2025. Samsung walikuwa wamekiweka kwenye S20 zote tangu 2020, lakini hayo tuyaache.

Kioo hicho ndicho kilichokuwa sababu yangu ya kuitamani Pro miaka yote hiyo. Nasoma sana kwenye simu. Kioo cha hezi 60 kinabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, cha hezi 120 kila 8.3, na mimi tofauti hiyo naiona ninapoteremsha maandishi marefu: herufi hazichezi. Wako wasioiona kabisa na sina ugomvi nao, wameokoa pesa. Ila iPhone 17 ya kawaida ilipokuja na hezi 120, na kioo cha inchi 6.3 sawa na cha Pro, sababu yangu ikawa imekwisha. Nikabaki natafuta nyingine, na mtu ukishaanza kutafuta sababu ya kununua kitu, ujue kitu hicho hukihitaji.

Chuma chake? Mwaka 2023 tuliambiwa titani ndiyo alama ya Pro, nyepesi na imara. Mwaka 2025 iPhone 17 Pro ikarudi kwenye alumini. Na yote hayo yanavaliwa kava siku ya kwanza.

Uzito, hapana, hapo sipiti haraka. iPhone 17 ina gramu 177, 17 Pro ina 206. Kwenye Galaxy pengo ni kubwa zaidi: S24 ina gramu 167 na S24 Ultra 232. Watu wanasema utazoea, na kweli utazoea ukiwa umekaa. Mimi nasoma nimelala chali, simu juu ya uso, mkono mmoja. Kuna saa ya usiku ambapo vidole vinalegea kabla ya macho, na pua yangu inazijua gramu hizo vizuri kuliko jedwali lolote. Kabla ya kununua, shika zote mbili kwa mkono mmoja na ujaribu kufika kona ya juu kwa kidole gumba. Ukiwa na mikono midogo kama yangu, jaribio hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Sasa hoja iliyonisumbua kweli, ile ambayo watetezi wa matoleo ya juu wanayo haki nayo. RAM. Ni kumbukumbu ya muda ambayo simu huitumia inapofanya kazi. Hakuna anayeiona, lakini ndiyo inayoamua simu itaachwa nyuma lini. Mwaka 2024 Apple walipotoa Apple Intelligence, huduma zao za akili bandia, iPhone 15 Pro yenye RAM ya GB 8 iliipata, iPhone 15 ya kawaida yenye GB 6 haikuipata, na ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla. Google nao mwaka huo huo waliiacha kwanza Pixel 8 ya kawaida bila Gemini Nano, akili bandia yao inayofanya kazi ndani ya simu, wakati Pixel 8 Pro ilikuwa nayo, baadaye ndiyo wakailegezea kupitia mipangilio ya wasanidi programu. Leo 17 ina GB 8 na 17 Pro ina GB 12. Kwa hiyo anayenunua simu ya kukaa nayo mpaka ife ana sababu halali ya kuiangalia Pro kwa jicho hilo. Mimi nilijiuliza kama vitu vilivyowekwa nyuma ya ukuta huo ningevikosa, vile vya kufupishiwa barua na kutengenezewa vikatuni. Hapana. Kusahihisha maandishi nafanya mwenyewe, nalipwa kwa hilo.

Chipu sikuihesabu. A19 na A19 Pro zote zinapita mahitaji yangu. Pro ina mfumo wa kupoozea kwa mvuke ndani yake, utamfaa anayecheza gemu nzito au kurekodi video ndefu juani, na mdogo wangu yumo kwenye kundi hilo la pili.

Kuhusu hifadhi, zote zinaanzia GB 256, na hapo ndipo ngazi ya bei inapopandisha watu. Unaanza na ya kawaida. Unasema ngoja niongeze hifadhi. Ukishaongeza, unaona umeikaribia bei ya Pro, kwa nini usimalizie? Ukishafika Pro, ile kubwa zaidi, Pro Max, nayo imebakiza kidogo. Kila hatua ni ndogo, na hakuna hata moja inayokuuliza ulitoka nyumbani na kiasi gani. Dawa niliyoitumia ni kuandika kiasi changu kwenye karatasi kabla ya kufungua ukurasa wowote.

Kuna waliouliza pia kuhusu kuchukua ya juu ya mwaka jana badala ya ya kawaida ya mwaka huu. Inawezekana ikawa akili sana, lakini tazama tarehe ya masasisho kwanza. Galaxy S23 Ultra ya 2023 iliahidiwa masasisho ya usalama ya miaka 5, kwa hiyo inaishia 2028. Galaxy S24 ya kawaida, iliyotoka 2024, iliahidiwa miaka 7, mpaka 2031. Pixel 7 Pro ni hadi 2027, Pixel 8 ya kawaida ni hadi 2030. Kwenye hesabu hizo, simu iliyo chini kwa jina inaishi miaka mitatu zaidi. Na ikiwa ya juu hiyo imeshatumika, ongeza gharama ya betri mpya.

Mimi nimechukua iPhone 17 ya kawaida, GB 256. Mdogo wangu amechukua Pro, na safari hii nilimwambia "chukua hiyo hiyo ya juu" bila kinyongo. Nikamwongezea jambo moja: tundu la Pro linaweza kuhamisha data kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, wakati la kwangu linaishia megabiti 480, lakini waya unaokuja kwenye boksi la Pro ni wa chaji, nao unaishia megabiti 480 vile vile. Kwa video zake za mazoezi atahitaji kununua waya mwingine, ulioandikwa kasi yake. Ameniomba nimtafutie.